Gladstone na vitabu vyake 32,000: alivipangaje, alivisomaje, viliishia wapi?

Mdadisi_Moro

Wakuu, heshima kwenu.

Naandaa makala fupi kuhusu William Ewart Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza wa karne ya 19, ila kwa upande wa vitabu kuliko siasa. Tatizo langu la kwanza ni tarakimu zinazogongana. Huku wanasema vitabu 32,000, kule 22,000, pengine 11,000. Ipi ni ipi? La pili ni rafu. Nasikia aliandika vipimo kabisa vya namna ya kutunza vitabu chumbani, naomba mwenye navyo anisaidie kwa futi na inchi. La tatu, hili la kuhamisha vitabu kwa toroli akiwa mzee ni kweli au ni chumvi tu?

Na kama kuna mahali anaigusa Afrika Mashariki, nitashukuru sana. Naomba kuwasilisha.

Kitabu Kikuukuu

Mkuu, tarakimu zote tatu ni za kweli, ila zinahesabu vitu vitatu tofauti. Ndiyo maana zinaonekana kugongana.

32,000 ni takribani idadi ya vitabu alivyotoa kuanzisha maktaba yake pale Hawarden, kaskazini mwa Wales. 22,000 ni makadirio ya maandishi aliyoyasoma maishani, na msingi wake ni shajara yake. Alianza kuiandika mwaka 1825 akiwa mwanafunzi wa shule ya Eton, akaendelea nayo hadi 1896, na karibu kila siku aliorodhesha alichosoma, kuanzia kitabu kizima hadi kijitabu cha kurasa chache. 11,000 ni vitabu vya maktabani ambavyo vina alama za mkono wake. Kosa la kawaida ni kuandika kwamba "alisoma vitabu vyake vyote 32,000". Usiandike hivyo. Vipo alivyosoma bila kuvimiliki, na vipo alivyomiliki bila kuvimaliza.

Mengine ya msingi: alizaliwa Liverpool tarehe 29 Desemba 1809, akasoma Eton, kisha Christ Church, Oxford, alikomaliza mwaka 1831 akiwa na daraja la kwanza mara mbili, katika taaluma ya Kigiriki na Kilatini na katika hisabati. Aliingia bungeni Desemba 1832 kwa jimbo la Newark. Alikuwa waziri mkuu mara nne: 1868 hadi 1874, 1880 hadi 1885, miezi michache ya 1886, na 1892 hadi 1894. Alifariki Hawarden tarehe 19 Mei 1898. Kasri la Hawarden halikuwa la ukoo wake. Lilikuwa la akina Glynne, ukoo wa mkewe Catherine, waliyeoana naye mwaka 1839. Chumba chake cha kusomea humo alikiita Hekalu la Amani.

Kuna jambo ambalo makala za vitabu huliruka, nami nakusihi usiliruke. Baba yake, John Gladstone, alikuwa na mashamba yaliyoendeshwa na watumwa Demerara (leo sehemu ya Guyana) na Jamaica. Utumwa ulipofutwa serikali ilimlipa fidia ya pauni 106,769 kwa watumwa 2,508. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Na hotuba ya kijana Gladstone bungeni Juni 1833 ilikuwa ya kutetea shamba la baba yake. Malezi ya Eton na Oxford yaliwezekana kwa utajiri huo. Anayeandika habari za vitabu vyake bila kutaja hili ameficha nusu ya habari.

Fundi Rafu

Mimi nijibu la rafu. Vipimo hivyo vimo katika insha yake iliyotoka Machi 1890 katika jarida la *Nineteenth Century*, Gladstone akiwa na miaka 80. Ni maelezo ya mtu aliyeinama na kupima mwenyewe, na ndiyo sababu yanafaa hadi leo.

Anataka mambo mawili makuu. Kwanza, mbao za rafu zifungwe moja kwa moja kwenye nguzo, zisiwe za kuhamishika. Ubao uliofungwa unazishika nguzo zisitanuke, kwa hiyo kabati zima linaweza kujengwa kwa mbao nyembamba zaidi, na kila nafasi usiyoipa mbao unavipa vitabu. Mapambo hakuyataka kabisa. Kwake vitabu vyenyewe ndivyo pambo.

Pili, kabati lisiegemeze mgongo ukutani. Liguse ukuta kwa ubavu, mwili wake utokeze ndani ya chumba, na libebe vitabu pande zote mbili. Kati ya kabati na kabati panapatikana kizimba, naye anakifananisha na vizimba vya farasi. Dirisha likiwa ndani ya kizimba, mwanga unaangukia migongo ya vitabu kulia na kushoto. Mafundi wengi hupanga makabati mgongo ukutani chumba kizima, halafu wanashangaa nafasi imekwisha na madirisha yamezibwa.

Vipimo vyake: upana wa kabati futi 3 (sentimita 91), kina inchi 12 (sentimita 30), kimo futi 9 (mita 2.74). Rafu ya juu inafikiwa kwa kigoda cha ngazi mbili kisichozidi inchi 20, yaani sentimita 51. Ngazi ndefu haihitajiki.

Sasa angalia hapa, maana watu wengi hukosea. Zile inchi 12 ni za safu mbili za vitabu zinazopeana migongo, si safu moja. Kila safu inapata inchi 6, yaani sentimita 15. Hiyo inatosha kitabu cha oktavo, ambacho karatasi yake imekunjwa mara tatu ikatoa majani 8. Ukiweka humo jalada la A4 lenye upana wa sentimita 21, litachomoza nje sentimita 6 na kila apitaye ataligonga. Kwa A4 kabati la pande mbili lianzie sentimita 42.

Futi 3 nazo si za kubahatisha. Ubao mrefu ukijaa vitabu hunepa katikati, na mnepo hauongezeki kwa uwiano wa urefu. Ukirefusha ubao uleule mara mbili, ukaujaza vitabu vilevile, mnepo unakua mara 16. Ndiyo maana rafu za futi 6 zisizo na nguzo ya katikati zinainama kama machela ndani ya miaka michache.

Mdadisi_Moro

Fundi Rafu, umenifungua macho. Nimesoma pia kwamba alipendekeza makabati ya magurudumu. Ni kweli? Na je, yanafaa kwa chumba cha ghorofani?

Fundi Rafu

Ni kweli, yamo katika insha hiyohiyo, kwa ajili ya vitabu visivyoombwa mara kwa mara. Anachukua chumba cha futi 28 kwa 10, kimo zaidi kidogo ya futi 9. Katikati kwa urefu anaacha njia ya futi 4. Pande mbili za njia anasimamisha makabati yaleyale ya futi 3 kwa inchi 12, yakiwa juu ya reli, yametengana kwa inchi 2 tu. Kila kabati lina mpini imara. Ukitaka kitabu unalivuta kabati litoke njiani, unachukua chako, unalirudisha. Kwa hesabu yake kabati moja linabeba oktavo 500, na chumba kizima vitabu 25,000.

Hesabu hiyo inasimama. Futi 28 ni inchi 336. Kila kabati na mwanya wake linakula inchi 14, kwa hiyo upande mmoja unapata makabati 24, pande mbili 48. Mara 500 ni 24,000, karibu na 25,000 zake. Na zile 500 je? Ubao wa inchi 36 unachukua vitabu 28 vyenye unene wa inchi moja na robo, kabati la futi 9 linatoa rafu kama 9, kwa pande mbili: 28 mara 9 mara 2 ni 504.

Ghorofani usithubutu bila mhandisi. Tuseme kitabu kimoja kina gramu 700. Kabati moja ni kilo 350 za vitabu peke yake, chumba kizima karibu tani 17 juu ya mita za mraba 26. Hiyo ni kilo 650 kwa mita ya mraba, mbao na reli bado. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200. Mpango huu ni wa chumba cha chini, juu ya zege lililokaa ardhini, na reli zilazwe kwa pima maji. Reli ikiinama kidogo tu, kabati lililojaa litatembea lenyewe kuelekea upande wa bondeni.

Hatari nyingine ni unyevu. Vitabu vilivyobanana kwa mwanya wa inchi 2 havipati hewa, na unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa muda, ukungu huanza kwenye migongo ya ngozi na kwenye gundi.

Mama Rejista

Niongeze la usomaji, maana rafu bila penseli ni nusu ya Gladstone.

Alisoma akiwa na penseli mkononi na alama zake zina maana maalumu. Mstari wa wima pambizoni: zingatia hapa. NB: zingatia zaidi. Alama ya kujumlisha ni kukubali, ya x ni kukataa. Na kuna neno moja dogo la Kiitaliano analolirudiarudia, *ma*, yaani "lakini". Si kukataa, ni kusema hoja hii inahitaji kuwekewa mpaka. Kisha fungua jani tupu la mwisho wa kitabu. Mara nyingi utakuta faharasa yake mwenyewe ya penseli, jambo na nambari ya ukurasa, ili siku ya kuandika au kuhutubia asianze kupekua upya. Kwa mtafiti jani hilo lina thamani kuliko jalada la dhahabu, na ndilo fundi wa kujalidi asiyejua hulitupa wa kwanza anapobadilisha jalada.

Hapo ndipo anapotofautiana na wakusanyaji wengine wa tabaka lake. Mlinganishe na George John, Earl (cheo cha kikabaila) Spencer wa pili (1758 hadi 1834), aliyekuwa waziri wa jeshi la majini kuanzia 1794 hadi 1801. Huyo alitafuta nakala adimu: Biblia ya Gutenberg, Zaburi ya Mainz ya 1457, vitabu vya Caxton, mchapaji wa kwanza wa Uingereza. Juni 1812 alishindania mnadani kitabu cha mwandishi wa Kiitaliano Boccaccio kilichochapwa 1471, akafika pauni 2,250, mwenzake akaongeza 10 na kuondoka nayo. Miaka 7 baadaye mshindi alifilisika, na Spencer akaipata nakala hiyohiyo kwa pauni 918 na shilingi 15.

Mwaka 1892 mjukuu wake, Earl wa tano, aliuza maktaba yote ya Althorp, kasri la ukoo wao, kwa Enriqueta Rylands kwa pauni 210,000, na leo ndiyo moyo wa Maktaba ya John Rylands, Manchester. Mjukuu huyo alikuwa waziri wa jeshi la majini katika serikali ya mwisho ya Gladstone, na bajeti yake ya manowari ndiyo iliyomfanya mzee ajiuzulu Machi 1894.

Kuhusu kwetu: Desemba 1884 mawaziri wenzake walipotaka kuchukua eneo la Kilimanjaro, Gladstone alimwandikia waziri mwenzake Charles Dilke akilalamikia mpango wa nchi ya milima nyuma ya Zanzibar yenye jina lisilokumbukika. Jina hilo ni Kilimanjaro. Na huyu ndiye mtu aliyeandika majuzuu matatu juu ya Homer, mshairi wa Kigiriki cha kale, mwaka 1858! Mwaka 1892 alipinga pia Uingereza kubaki Uganda, lakini Rosebery, waziri wake wa mambo ya nje, alimshinda, na Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, akatumwa kutoka huko kwenda kuchunguza. Uganda ilitangazwa rasmi kuwa nchi lindwa ya Uingereza Juni 1894, mzee akiwa ameshaondoka madarakani. Usimwandike kama rafiki wa Waafrika kwa sababu hiyo. Aliogopa gharama na mizigo mipya, na ni serikali yake iliyoivamia Misri mwaka 1882.

Kitabu Kikuukuu

Limebaki la toroli, na si chumvi. Mwaka 1889 alisimamisha jengo la mabati kijijini Hawarden, kisha akaanza kuhamisha vitabu kutoka kasri. Alikuwa amekaribia au amepita miaka 80. Waliomsaidia walikuwa binti yake Mary Drew na mtumishi wake wa ndani, na kweli vitabu vingi vilikwenda kwa toroli. Kuvipanga rafuni alikufanya kwa mkono wake, kwa mada, na waandishi wakubwa kama Homer na Dante wakipewa mahali pao wenyewe. Mary ndiye aliyeeleza nia ya baba yake: kuwakutanisha wasomaji wasio na vitabu na vitabu visivyo na wasomaji.

Aliweka pauni 40,000 kuwa mfuko wa kuiendesha. Jengo la mawe unaloliona kwenye picha za maktaba hiyo hakuwahi kuliona. Lilichorwa na John Douglas, likajengwa kwa michango ya kumbukumbu yake, likafunguliwa Oktoba 1902, na bawa la malazi likakamilika 1906. Kwa hiyo picha ya mzee akisukuma toroli mbele ya jengo la mawe, ukiikuta, ni ya kubuni.

Na ukitafuta kwenye katalogi za zamani usiandike "Gladstone's Library". Jina hilo lilianza kutumika 2010. Kabla ya hapo tafuta St Deiniol's, la sivyo utaambiwa hakuna kitu.