Mwalimu wa Kiingereza: lafudhi au subira?

Wadau, naomba tulijadili hili. Shule nyingi za binafsi hujinadi kwa walimu "wanaoongea kama Waingereza". Nimefundisha Kidato cha Kwanza shule ya kata miaka 9, na sijasikia mwanafunzi akimsifu mwalimu kwa lafudhi. Wanachosema ni hiki: "Kwa yule, ukikosea huchekwi."

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu. Anaingia sekondari, Biolojia na Jiografia vimegeuka Kiingereza. Akisimama akasema "Yesterday I go to shop", darasa likaangua kicheko, huyo umempoteza. Nilikuwa na binti aliyemaliza muhula mzima kimya. Nikaanza kuwapa dakika mbili waelezane wawili wawili, hata kwa Kiswahili, kabla ya kusimama. Wiki ya tatu alinyoosha mkono. Na vile vibao vya kumvisha mtoto shingoni kwa kuongea Kiswahili, naviona ni ukatili.

Mchangiaji, Morogoro: Mkuu, upole haufaulishi mtu. Wetu alikuwa mpole kweli, lakini alitufundisha "he don't" mpaka tukaingia nayo kwenye mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili. Mimi nilihitaji mtu anayekijua Kiingereza.

Mleta mada: Kukijua ni lazima, hapo sibishi. Nabishia namna ya kusahihisha. Mtoto akisema "I go", namjibu "Oh, you went to the shop? What did you buy?" Analisikia neno sahihi na mazungumzo yanaendelea. Wapo wasiolisikia, kwa hiyo mwisho wa kipindi naandika makosa ya siku ubaoni, bila jina la mtu.

Mzazi, Dar es Salaam: Mwalimu, mimi nalipa ada ili mwanangu apate hiyo lafudhi. Kwenye usaili wa kazi ndiyo wataanza kuisikia.

Mleta mada: Mama, nakuelewa. Umemuuliza mwenyewe anampenda mwalimu yupi?

Mzazi, Dar es Salaam: Nimemuuliza jioni hii. Amemtaja wa Kiingereza, lakini siye niliyemdhania. Ni yule anayekusanya insha Ijumaa na Jumatatu anazirudisha zote, kila moja ameiandikia sentensi mbili chini.