Land Rover Series III ya petroli: asubuhi injini huwaka pale tu ninapoachia ufunguo

Mwenye_109 (Arusha)

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninayo Land Rover Series III ya chasisi ndefu, 109, yenye injini ya petroli ya silinda nne (sentimita za ujazo 2,286), kabureta ya Zenith na distributa (kigawa cheche) ya pointi. Tangu baridi ianze, kuiwasha asubuhi kumekuwa kazi. Stata inazungusha injini, ingawa kwa uzito kidogo, lakini moto haushiki. Kisha mara nyingi, pale ninapokata tamaa na kuachia ufunguo, injini hushtuka na kuwaka katika mzunguko wake wa mwisho. Ikishapata joto haina tatizo barabarani, isipokuwa haitulii vizuri kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta.

Plagi ni mpya na nafasi yake ni milimita 0.75, pointi nimeziweka milimita 0.40. Betri ilipimwa dukani ikaonekana nzima. Jambo jingine, ambalo huenda halihusiani na haya, ni kwamba nikipiga stata kwa muda mrefu waya wa choki (kifaa cha kupunguza hewa injini ikiwa baridi) hupata joto pale unapotokea kwenye dashibodi. Fundi wangu ameshauri ninunue kabureta mpya, nami kabla sijatoa fedha ningependa kusikia maoni yenu.

Bakuli_la_Zenith

Ndugu, fundi wako ana sababu ya kuitilia shaka Zenith hiyo, ila kununua mpya ni haraka mno. Udhaifu wake unajulikana na kila aliyewahi kuifungua: mfuniko wa juu hupinda, hasa skrubu zikikazwa kupita kiasi, na petroli ikaanza kupenya pembeni mwa gasketi, hivyo injini hunywa mafuta mengi kwenye sailensa na skrubu ya kurekebishia mchanganyiko haileti mabadiliko hata ukiizungusha. Ifungue, tandika msasa laini juu ya kioo kilichonyooka, usugue nyuso zinazokutana mpaka zing'ae sawasawa kote, kisha uifunge kwa gasketi mpya bila kutumia nguvu za ziada.

Kuhusu asubuhi, petroli iliyomo kwenye bakuli la kabureta hupungua gari likikaa bila kutumika. Pampu ya mafuta ina kiwiko kidogo cha kupampu kwa mkono. Kipampu mpaka kilegee, maana hapo bakuli limejaa, ndipo uvute choki. Usiivute kwa muda mrefu pia, kwa kuwa Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na plagi hulowa upesi.

Umeme_wa_Zamani

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu sailensa, lakini kuhusu kuwaka asubuhi naona kabureta inasingiziwa. Injini inayowaka wakati ufunguo unapoachiwa inatuambia kwamba petroli imefika na ukandamizaji upo. Kinachokosekana ni cheche, tena hukosekana wakati ule ule stata inapofanya kazi. Ingekuwa kinyume chake, yaani ishike wakati wa stata na kuzima unapoachia, ningetafuta tatizo kwenye rezista ya koili (kifaa kinachozalisha umeme mkali wa cheche) au waya wake, kama gari lako limefungwa koili ya aina hiyo.

Kuna njia mbili za cheche kupotea hapo. Ya kwanza ni swichi ya ufunguo iliyochakaa, ambayo ikifika mahali pa stata hukata umeme wa koili. Ya pili ni stata kuvuta umeme mwingi kupitia nyaya mbovu, hata koili ikabakiwa na volti zisizotosha. Ili kuzitenganisha, weka mita kati ya terminali ya koili inayopokea waya mweupe na bloku ya injini, mtu mwingine apige stata, nawe usome: sifuri ni swichi, volti saba au nane ni nyaya.

Mimi naegemea nyaya, na sababu ni huo waya wa choki uliodhani hauhusiani. Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo umeme wa stata hauna budi kurudi kwenye betri kupitia waya mnene wa ethi. Waya huo ukikatika au ukiota kutu, umeme hutafuta njia nyingine ya chuma, na waya wa choki ni mojawapo. Ndiyo maana unapata joto. Pima pia kati ya bloku na kichwa hasi cha betri huku stata ikizunguka. Kama bado una hendeli ya kuwashia kwa mkono, ijaribu gari likiwa baridi, kwani injini ikishika upesi kwa hendeli na kugoma kwa stata, ushahidi utakuwa umetimia.

Mwenye_109

Nashukuru sana. Hendeli sina, lakini nimepima leo kabla jua halijapanda. Stata ikizunguka, betri yenyewe inasoma volti 10.4, koili hadi bloku ni 7.6; bloku hadi kichwa hasi cha betri ni 2.3. Waya wa ethi wa injini upo, ila umefungwa juu ya rangi ya chasisi na nyuzi zake nyingi zimekatika. Je, niuunganishe tu au niubadilishe?

Umeme_wa_Zamani

Ubadilishe, na uchague mnene kama ule wa stata. Volti 2.3 zinazopotea upande wa ethi ni nyingi mno. Hapo hazitakiwi kuzidi nusu volti. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe kionekane pande zote mbili, fanya vivyo hivyo pale waya hasi wa betri unaposhika chasisi, kaza, kisha upake grisi kwa nje ili maji yasiingie. Kagua pia waya wa choki, kwa sababu joto hilo huenda limeshaunguza ala yake, na choki inayokwama ikiwa imefunguka nusu itakusumbua kwa namna nyingine.

Baada ya hapo pima upya. Ikiwa stata bado ni nzito wakati upande wa ethi umeshuka chini ya nusu volti, ishushe stata na uangalie bushi zake. Kazi ya mfuniko wa Zenith iache mpaka umeme utulie, usije ukashindwa kujua ni tengenezo lipi lililoleta nafuu.