Mrejesho: Tuliionyesha Rare Exports mkesha wa Krismasi

Habari zenu wapendwa. Niliwauliza kama Rare Exports, ile filamu ya kutisha ya Kifini ya mwaka 2010 ya Jalmari Helander kuhusu Baba Krismasi anayewinda watoto, inafaa kwenye sherehe ya Krismasi ya Waswahili tunaoishi Helsinki. Wengi mlisema wadogo wasiwepo. Nikafuata: wao walikaa chumba cha pili na katuni zao.

Mlikuwa sahihi kabisa. Wale wazee wanaokimbia uchi kwenye theluji, watoto wangeuliza maswali mbele ya wakwe!

Lakini ni filamu nzuri mno. Pale Pietari, mtoto ambaye ndiye mhusika mkuu, anapokifunga kwa stepla kidirisha cha tarehe 24 kwenye kalenda yake ya kuhesabu siku hadi Krismasi, ili Krismasi isimfikie, watu walinyamaza kimya. Na yule mzee aliyenaswa kwenye shimo la kutegea mbwamwitu hasemi neno, ila mtoto akikaribia tu anazinduka na kunusa. Shangazi mmoja alinishika mkono hadi ukauma.

Kilichonigusa zaidi ni Rauno na mwanawe, huyo Pietari. Waigizaji wenyewe, Jorma na Onni Tommila, ni baba na mwana kweli, na inaonekana.

Asanteni sana. Mwenye kujua nyingine ya namna hii anitajie, ya mwakani.