Naomba ushauri: shairi la kiburi cha watawala, nitumie umbo gani?

mtoto_wa_Lindi: Wakuu habarini. Nataka nitunge shairi kuhusu kiburi cha madaraka, wazo nililipata Kilwa Kisiwani pale Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14, lile birika lake la pembe nane bado lipo ila majani tu ndo yanaota. Nimeanza tarbia (ubeti wa mishororo minne), silabi nane kwa nane, lakini kila ubeti naishia kumponda mtawala, nikisoma kwa sauti inakuwa kama hotuba ya kampeni. Nisaidieni.

shaha_Mikindani: Mdogo wangu kasome Al-Inkishafi, lile shairi la zamani la magofu ya mji wa Pate, huko Lamu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hawapondi matajiri wa Pate, anakuingiza majumbani mwao uone fahari yote halafu anakutupia "makinda ya popo iyu wengeme", vitoto vya popo vinaning'inia juu basi. Na cheki umbo lenyewe, mishororo mitatu ina kina chake, wa nne unarudi kwenye "ye" ileile mwanzo mpaka mwisho, yani utaje utajiri wowote lazima uangukie palepale. Hapo mshairi hana haja ya kukaripia.

bint_Masasi: Na anausema moyo wake mwenyewe, hilo watu wanalisahau. Msomaji anakosa pa kukwepea.

korosho_ghafi: Kwa masultani waliokufa sawa, aliye hai je? Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya 1969 kwa kuikosoa serikali, akatunga humohumo jela, diwani (kitabu cha mashairi) ya Sauti ya Dhiki ikatoka 1973. Mle kuna "Mamba": "Kuna mamba, mtoni metakabari", yani amejaa kiburi. Hesabu mizani (silabi), nne halafu nane, kipande kifupi kinagonga kwanza ndo kirefu kinafuata, nami nikilisoma nasikia mtu anayechagua maneno huku mlinzi yuko mlangoni. Bila kujua lilitungwa wapi utadhani ni shairi la mnyama.

mtoto_wa_Lindi: Daah asanteni sana. Kwahiyo niache tarbia?

shaha_Mikindani: Tarbia usiiache, toa matusi. Shelley wa Uingereza kwenye Ozymandias, 1818, soneti ya mistari 14 tu, kamwachia mfalme ajisifu mwenyewe halafu pembeni kabakiza mchanga. Na wewe mpe sultani beti mbili tatu ajigambe na birika lake, yale majani yaweke kwenye kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, kila akimaliza kujisifu yanajibu. Ukimaliza weka hapa tulipime mizani.