Tupeane uzoefu: mara ya kwanza kulala risoti ya ufukweni, ile unayolipia kila kitu mara moja

Mtu wa Naliendele
Wakuu salaam. Jamaa yangu karusha picha yuko Kiwengwa, Unguja, kanda ya plastiki mkononi, sahani imejaa kamba utadhani anawadai. Najua humu wapo watu wa Mtwara na Lindi waliokwisha kulala hizo hoteli za kulipa mara moja, halafu unakula na kunywa mpaka siku ya kuondoka. Mimi na mama watoto tunataka kwenda Unguja minada ya korosho ikitulia na chama cha msingi kikishatulipa. Kabla sijatuma hela ya watu naomba uzoefu: kipi kimo ndani ya bei, kipi hakimo, na yapi yaliwakuta huko. Matusi hapana.

Mtoto wa Shangani
Usubiri chama kilipe? Mkuu utafika Unguja mwezi wa tano, masika yote yako, na nusu ya hoteli zimefungwa zinapakwa rangi.

Bi Saumu wa Ligula
Nimekaa mimi, mume wangu alipelekwa na kazini kwao nikadandia. Kaka nisikilize. Kanda ukivalishwa mapokezi ndiyo kitambulisho chako, huivui mpaka siku ya kutoka. Chakula cha bufee kimo, soda na bia za hapa nyumbani zimo, juisi zimo. Pombe za chupa kutoka nje mara nyingi hazimo, na baa ikifika saa yao ya kufunga, chochote utakachoagiza unalipia. Kukandwa mwili hakumo. Safari za kisiwa cha Mnemba hazimo. Ule mgahawa mdogo wa pembeni, wenye vitambaa vya meza na mishumaa, ama unalipia ama unabuku tangu asubuhi, ukizubaa wageni wameshaujaza.

Halafu kuna kadi ya taulo. Ufukweni unatoa kadi unapewa taulo, ukirudisha taulo unarudishiwa kadi. Mwenzetu alitandika taulo yake kwenye kitanda cha ufukweni, akaenda kuogelea, karudi haipo. Siku ya kuondoka mapokezi wakaidai kadi kama mahari. Akalipa.

Kubwa la Ndanda
Kwenye bufee usianze na mkate na supu. Hiyo ni mitego. Zunguka kwanza mikono mitupu uone meza zote, ndiyo uchukue sahani. Tulikwenda semina na wenzangu, wamejaza wali na chapati mpaka pomoni, wanafika meza ya mwisho wanakuta kambakochi wanachomwa, hakuna pa kuwaweka, wala sahanini wala tumboni.

Mwalimu wa Nanyamba
Sikubaliani. Supu kunywa, umelipia. Cha muhimu asubuhi usile sana.

Kubwa la Ndanda
Mwalimu, asubuhi ndiyo kuna mayai ya kukaangiwa mbele yako, unachagua mwenyewe kitunguu, hoho, pilipili. Nisile?

Mchuuzi wa Feri
Mimi sielewi. Mtu unatoka Mtwara, nyumbani una Msimbati, mchanga mweupe, maji yale, unapanda basi na boti kwenda kulipia bahari! Pweza wa kuchoma nenda Mikindani jioni, ukimaliza unalala kwako. Bure.

Bi Saumu wa Ligula
Bure ya nani? Msimbati ni ndani ya hifadhi ya bahari, ile ya Ghuba ya Mnazi, tangu mwaka 2000, na kiingilio kipo. Na kule nani anakukaangia mayai?

Jongoo wa Mitwero
Watu wa Mtwara mna ufukwe mzuri halafu mnakwenda kupiga picha za harusi pembeni ya pipa la mafuta. Njooni Lindi. Au Kilwa Masoko, mtu analala ufukweni, asubuhi anavuka Kisiwani kuangalia msikiti mkongwe, urithi wa dunia tangu 1981.

Mchuuzi wa Feri
Lindi kuna nini zaidi ya kituo cha basi?

Jongoo wa Mitwero
Kuna watu wenye adabu.

Mwana Sudi
Naomba niweke langu. Nilikuwa sijawahi kulisema, lakini hiyo habari ya kanda imenichoma.

Nilimpeleka mama yangu. Mtu wa Sudi, kazaliwa pale, kala bahari maisha yake yote. Nikampeleka hoteli moja ya pwani ya mashariki Unguja, jina naliacha. Siku ya kwanza salama, akashangaa kitanda, akakunja shuka mwenyewe, akamwambia dada wa usafi akapumzike. Usiku akaikata kanda kwa wembe. Alisema inambana, na udhu nao unamtia wasiwasi. Mimi sina habari.

Asubuhi ilikuwa bamvua. Wanaoijua pwani ile wanajua, maji yanakwenda mpaka kwenye mwamba, kunabaki uwanja. Mama akatoka barazani akatazama, akaniambia, "Maji yametoka yote haya na watu wamelala vitandani wanaangalia?" Nikacheka, nikarudi kulala. Kumbe yeye ameshafunga kanga. Akawafuata akina mama wa kijijini waliokuwa wanakwenda kuchokoa pweza, akaazima mchokoo, na kwa umri ule akatoa pweza. Mkubwa.

Anarudi, mlinzi kamzuia pale kwenye ngazi za mchanga. "Mama, wauzaji hawapiti huku." Akasema siuzi, nimelala humu. Akaulizwa kanda iko wapi. Hana. Chumba namba ngapi. Hajui namba, akasema kile chenye picha ya jahazi mlangoni. Mlinzi akacheka, akamwambia zunguka nyuma kwenye geti la wafanyakazi.

Mimi niko kwenye chai nadhani yuko bafuni. Nilipoanza kumtafuta jua limeshakuwa kali. Nimemkuta amekaa chini, kanga imelowa mpaka magotini, pweza ameanza kukauka na nzi. Na wakati nashuka zile ngazi kapita mzungu na chupi ya kuogelea tu, mkono mtupu, hana kanda, hana kadi, hana chochote. Mlinzi akampa habari za asubuhi.

Sikumbuki vizuri nilisema nini. Watu waliacha chai wakaja kutazama. Mama ndiye aliyenishika mkono, akasema, "Wewe usinitie aibu, mie sikuanguka."

Meneja akaja, pole nyingi, akatupa meza ya bure kwenye mgahawa wa mishumaa. Mama akasema kamba hawataki, anataka apikiwe pweza wake. Wakakataa. Eti jiko halipokei chakula kutoka nje.

Mtoto wa Shangani
Daah.

Dereva wa Masasi
Hii chai. Bibi mzima atoe pweza hoteli ya kitalii?

Bi Saumu wa Ligula
Wewe wa Masasi pweza umemwona kwenye mchuzi. Wanawake wa pwani ndiyo kazi yao hiyo. Pole sana Mwana Sudi, nimelia.

Mwalimu wa Nanyamba
Nitakuwa mtu mbaya, lakini mlinzi amefanya kazi yake. Hana kanda, hajui namba ya chumba, mkononi ana pweza. Ungekuwa wewe?

Jongoo wa Mitwero
Na yule wa chupi? Yeye kanda ameivaa wapi?

Mtoto wa Shangani
😂😂 Mwalimu jibu swali.

Wakili Mtaa
Halafu ufukwe ni wa umma. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka majini usiweke shughuli ya kudumu.

Kubwa la Ndanda
Wakili, hiyo ni ya Bara. Zanzibar wana sheria yao ya mazingira. Usimpeleke mtu mahakamani na karatasi ya jirani.

Dereva wa Masasi
Sawa nimeamini. Pweza aliishia wapi?

Mama Nasra
Wakuu naomba kuuliza, ile bima ya dola 44 ya kuingia Zanzibar na sisi tunatoa?

Bi Saumu wa Ligula
Hapana dada, ilianza Oktoba 2024 kwa wageni wa kutoka nje ya nchi. Wewe beba kitambulisho cha NIDA. Na ukibuku uliza bei ya Mtanzania, wasipoulizwa wanakupa ya mgeni. Majibu yaje kwa maandishi.

Dereva wa Masasi
Pweza jamani.

Mchuuzi wa Feri
Mleta mada, basi la alfajiri kutoka Mtwara linakuingiza Dar jua linakwenda kuzama. Usikate tiketi ya boti ya siku hiyohiyo. Lala Dar. Na kama mkeo anataka kuogelea muda wowote, Nungwi au Kendwa, maji hayakimbii kama upande wa mashariki. Ukitaka Kiwengwa angalia mwezi: mwandamo na mpevu utaogelea kwa saa za maji kujaa tu.

Mtoto wa Shangani
Si ulisema hamna haja ya kwenda?

Mchuuzi wa Feri
Nimesema sielewi. Sijasema sijawahi kwenda.

Mwana Sudi
Pweza. Jioni yule mlinzi alikuja mwenyewe mlangoni, kavua kofia. Mama akamuuliza kwenu wapi. Nachingwea. Wakaanza kuulizana koo, mimi nikawekwa pembeni. Mwisho Mama akampa pweza, amemtunza kwenye lile friji dogo la soda chumbani. Kijana akaenda kumpika kwa nazi kwenye nyumba za wafanyakazi, akarudi na bakuli limefunikwa sahani. Mama alikula barazani. Ule mgahawa wa mishumaa nilikwenda peke yangu.

Jongoo wa Mitwero
Nachingwea ni Lindi. Nilisema mimi. Watu wa Lindi wana adabu.

Dereva wa Masasi
Adabu imekuja jioni, asubuhi ilikuwa wapi? Na Mmwera wa Nachingwea pweza anamjulia wapi, si ajabu alimchemsha na ming'oko, mizizi ya porini.

Mwalimu wa Nanyamba
Naondoa maneno yangu, ila bado nasema kanda isikatwe.

Mtu wa Naliendele
Ahsanteni wote. Nimempa mama watoto simu asome hizi habari za kadi ya taulo na pombe za nje. Kasoma ya pweza tu. Sasa anasema na mama yake twende naye.

Bi Saumu wa Ligula
Mama mkwe ni mtu wa pwani au wa bara?