Kachomwa sindano ya steroidi mkononi, ngozi imebonyea na kuwa nyeupe, halafu wanamwandikia krimu ya steroidi!

Wakuu, uvumilivu umenishinda.

Mdogo wangu ananyonyesha. Kano za upande wa kidole gumba zilikuwa zinamuuma kwa kumnyanyua mtoto kila saa, jambo linalowapata kina mama wengi. Hospitali moja binafsi ikamchoma triamsinoloni, aina ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu. Maumivu yaliisha, hilo sibishi. Ila baada ya wiki kadhaa pale kwenye kifundo cha mkono pakaanza kubonyea, ngozi ikawa nyembamba hadi mishipa inahesabika, na weupe ukapanda kama mstari kuelekea kwenye kiwiko. Sasa havai nguo isiyo na mikono mirefu, maana kanisani wameshamuuliza kama ni ukoma.

Hakuna aliyemwambia kabla! Na wala si jambo geni. Dawa hii ni chembechembe zisizoyeyuka upesi. Ikibaki juujuu, mahali ambapo ngozi iko karibu na mfupa, inakula mafuta ya chini ya ngozi na kuzilaza seli zinazotengeneza rangi. Kwetu sisi weusi doa linaonekana toka mbali. Maelekezo ya Kenalog-40, jina la kibiashara la triamsinoloni, yenyewe yanasema ikichomwa kwenye msuli iingie ndani kabisa, takoni, na bega liepukwe kwa sababu hiyohiyo. Kumweleza mgonjwa ni sentensi moja tu!

Kilichonichoma zaidi ni tuliporudi. Daktari kautupia mkono jicho, akaandika tyubu ya betamethasoni. Hiyo nayo ni steroidi, nayo inakondesha ngozi! Mfamasia ndiye aliyetushtua. Na hela ya kumwona daktari tulishalipa.

Mara nyingi ngozi hurudi yenyewe ndani ya mwaka hivi, wengine hata miaka miwili, wachache hairudi. Ikigoma, wako madaktari wa ngozi waliofanikiwa kwa kuchoma maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaleyale ya dripu, ili kuondoa mabaki ya dawa. Wengine hujaza shimo kwa mafuta ya mgonjwa mwenyewe. Kwa nini hakutajiwa hata moja?

Nataka waandike kwenye faili lake kilichotokea, warudishe hela ya tyubu, na waache kuchoma watu bila kuwaeleza. Na aliyewahi kutibiwa kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC Moshi anijibu: hayo maji ya chumvi wanachoma? Lazima twende na rufaa?