Miaka sita ya Excel stoo, nataka kuhamia ghala la data: nianzie wapi?

Mtunza_Stoo

Habarini wakuu. Natunza rekodi za stoo, mwaka wa sita huu. Kila mwisho wa mwezi nakusanya mafaili kumi na moja ya Excel kutoka idara mbalimbali, nayaunganisha kwa VLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani kwenye jedwali jingine, huku nikiomba Mungu kompyuta isigande, kisha napeleka ripoti. Ya mwezi uliopita niliipa jina "mwisho_kabisa_hii_ndiyo_4", mtanielewa. Nimevutiwa na kazi ya kusimamia ghala la data, yaani hifadhi moja inayokusanya data za idara zote kwa ajili ya ripoti, ila kila nikisoma nakutana na majina tu: Snowflake, Redshift, BigQuery, dbt, Airflow. Nishike lipi? Na bila digrii ya kompyuta, kwa miaka 34, inawezekana au najidanganya?

Kapu_la_Namba

Karibu sana ndugu. Mimi nimetokea uhasibu, kwa hiyo la digrii tuliache.

Hayo majina yaweke kando kwanza. Snowflake, Redshift na BigQuery ni maghala yenyewe, dbt hubadilisha data ndani yake, na Airflow hupanga ratiba ya kazi. Ukiacha Airflow, yote unayaendea kwa SQL, lugha ya kuuliza data ya tangu miaka ya 1970, na Redshift yenyewe imetokana na PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data. Basi pakua PostgreSQL, ni bure, ingiza humo mafaili yako kumi na moja. Amri za SELECT (kuchagua data), JOIN (kuunganisha majedwali) na GROUP BY (kujumlisha kwa makundi) utazizoea haraka. Wengi huishia hapo. Wewe sogea mpaka OVER na PARTITION BY, zinazokokotoa kwa makundi bila kuipoteza mistari yenyewe.

Sasa nikwambie kilichonifundisha kazi hii. Mwaka wangu wa kwanza niliunganisha jedwali la mauzo na jedwali la malipo. Mteja akilipia oda moja kwa awamu tatu, ile oda inajirudia mara tatu, na mauzo yake yanajumlishwa mara tatu. SQL haikulalamika hata kidogo; ilifanya nilichoiambia. Ripoti ikakaa kwa wakubwa siku nne, kila mtu anatabasamu. Aliyeninasa ni dada wa stoo, mtu wa kazi kama yako, aliyeuliza tu: "Hizo katoni mlizouza mlizitoa wapi?"

Tangu siku hiyo sijengi jedwali kabla ya kuandika sentensi moja: mstari mmoja humu ni nini? Ni oda? Ni bidhaa moja ndani ya oda? Ni malipo? Ralph Kimball, aliyeutangaza mpangilio wa nyota miaka ya 1990, aliweka swali hilo mapema katika usanifu, mara tu baada ya kuchagua shughuli ya kupima. Katikati ya nyota linakaa jedwali la matukio, na pembeni yake majedwali ya maelezo: bidhaa, mteja, tarehe. Sentensi ikikushinda kuandika, ujue jedwali nalo litakushinda.

Jambo la pili ni historia. Bidhaa ikihamishwa kundi mwezi Machi, ripoti ya Januari isome kundi gani? Ukifuta la zamani na kuandika jipya, Januari nayo inabadilika bila mtu kujua. Dawa yake tunaiita Aina ya 2: mstari wa zamani unabaki, unaufunga kwa tarehe ya mwisho, unaongeza mpya wenye tarehe ya kuanza.

Zamu_ya_Usiku

Mkuu hapo juu kasema kweli, ila kaisema kama mtu ambaye tayari ana kazi. Tangazo la kazi linataja jina la programu, na anayechuja maombi anatafuta jina hilo. SQL ikishakaa sawa, chagua moja katika hizo na ujenge nayo kitu cha kuonyesha.

Halafu neno "kusimamia" msilipite haraka. Ni nani aone mishahara na nani asione. Ni mzigo wa data uliokwama saa tisa usiku wakati ripoti inatakiwa saa mbili asubuhi. Ni gharama pia: BigQuery kwa malipo ya kawaida inakutoza kwa kiasi cha data ilichosoma, kwa hiyo SELECT * (leta safu zote) ya mtu mvivu kwenye jedwali kubwa ni bili. Kuweka LIMIT 10 (onyesha mistari kumi tu) mwishoni mara nyingi hakukuokoi, maana data imeshasomwa.

Mtunza_Stoo

Asanteni wakuu. Nimejaribu ile sentensi: "Mstari mmoja ni bidhaa moja iliyoingia au kutoka stoo kwa hati moja." Nikajiona fundi. Kufungua mafaili, idara mbili zinahesabu kwa katoni, zilizobaki kwa vipande. Miaka sita nimekuwa nikirekebisha kwa kichwa bila kujua kwamba narekebisha!

Kapu_la_Namba

Hapo sasa umeanza kazi. Hifadhi idadi kwa vipande, kipimo kidogo kuliko vyote, na kwenye jedwali la bidhaa weka safu ya vipande kwa katoni. Kisha waulize watu wa manunuzi kama katoni ya bidhaa yoyote imewahi kubadilika ukubwa. Wakijibu ndiyo, rudi kwenye Aina ya 2 kabla hujaandika kitu kingine.